Sikurudi Nyuma Kona ya Shikamoo

Wanangu mnaoshika usukani siku hizi, mna uongo mmoja mnaoupenda sana. Mnasema zamani madereva tuliheshimiana, mkongwe akitokea, mgeni anampisha kwa adabu, na barabara ilikuwa na amani. Juzi mmoja wenu kaja hapa barazani kwangu Bigwa, kanywa chai yangu, kala mihogo yangu, halafu akanieleza habari hizo mimi niliyekuwepo. Nilimwacha amalize, maana alikuwa mgeni wangu. Alipoondoka nikamwambia mke wangu anitafutie daftari na kalamu.

Heshima ilikuwepo, sikatai. Lakini hiyo mnayoisifia nyinyi iliua mtu. Nilimjua mtu huyo. Nilikula naye sahani moja Burma.

Mimi ni Remigi, Mluguru wa Matombo, nimebatizwa misheni pale pale. Udereva nilifundishwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Niliporudi nyumbani nilikuwa na vitu vitatu: cheti cha udereva, kofia ya jeshi na kiburi. Kofia iliibiwa wiki ya pili. Cheti ninacho mpaka leo, kimefungwa kwenye nailoni. Kiburi nacho hakijaondoka, muulizeni huyo huyo aliyenitafutia daftari.

Malori yaliyopanda milimani kutoka Morogoro mjini yalikuwa machache wakati huo, na madereva wake walikuwa makundi mawili. Walikuwepo wakongwe walioanza kabla ya vita. Hao walikuwa wamekaa utingo miaka saba, minane, wakilala chini ya magari ya matajiri, wakipiga hendeli alfajiri mpaka mkono unavimba, ndipo wakaonjeshwa usukani. Halafu tukaja sisi wa jeshini. Tulifundishwa kwa miezi mitatu tu, tukapewa karatasi yenye muhuri. Wakongwe walituita madereva wa filimbi, kwa sababu jeshini gari haliondoki mpaka filimbi ilie. Asubuhi ukiingia gereji, mmoja anatia vidole mdomoni anapiga mluzi: "Haya Burma, ondoka!" Wenzake wanacheka. Sisi tuliwaita masultani, lakini tulisema kwa sauti ya chini.

Nikiwa mkweli, walikuwa na sababu ya kutuchukia. Ningekuwa mimi nimelala chini ya gari miaka minane, halafu aje mtu na karatasi yake akae juu, ningempigia mluzi pia. Hayo nayasema sasa. Wakati ule nilikuwa nawaza ngumi tu.

Kati ya masultani wote, sultani wao alikuwa Mzee Kibwana. Mtu mrefu, wa swala tano, suruali yake ya kaki imenyooshwa hata siku ya matope. Inasemekana alikuwa wa kwanza kufikisha lori Matombo bila kusukumwa. Hakuwa msemaji, na akikutazama anageuza kichwa chote. Akikosoa anakosoa mara moja, na hukumbuki kukosolewa kwingine.

Mimi alinikosoa masika yangu ya kwanza. Nilizama kwenye tope karibu na Mkuyuni. Jeshini tulikuwa na minyororo ya kufunga tairi, hapa sina mnyororo wala kamba, ila migomba imejaa pande zote. Nikajiona mjanja. Nikakata vigogo vinne vya mgomba, nikavilaza chini ya tairi za nyuma, nikapanda, nikakanyaga mafuta. Mnaotoka milimani mmeshaanza kucheka. Mgomba ukipondwa unatoa maji na utomvu, sabuni haioni ndani. Gari lilikwenda ubavuubavu likaingia shambani kwa mtu na kulaza mistari miwili ya mihogo.

Malori mawili ya wakongwe yakafika. Wakashuka, wakacheka mpaka wakashika magoti. Mzee Kibwana hakucheka. Alilizunguka gari langu polepole, mikono nyuma.

"Burma," akasema, "huko jeshini gari mlikuwa mnaliendesha au mnalipikia?"

Kisha akanionyesha. Chukua mabua makavu ya mahindi, yalaze yakikingamana na tairi. Juu yake mwaga changarawe. Weka gia ya pili, ya kwanza ina nguvu nyingi, itachimba shimo. Mguu uwe mwepesi, na ukishatoka usisimame kujipongeza. Nilifanya, gari likatoka. Kesho yake nilimpelekea kuku na akampokea. Jina la Remigi Mgomba lilinifuata miaka miwili sokoni Morogoro, na wauza samaki walilitumia bila aibu.

Ujuzi wao ulikuwa mwingi, lazima niseme. Pointi za umeme wa injini zikichafuka, njiani hakuna duka, unachuma jani la msasa unasugulia, moto unarudi. Tanki la petroli likitoboka, unakanda sabuni ya mche na nyuzi za mgomba, unaziba, unafika mjini. Jeshini kitabu kilisema badilisha tanki. Nani atakuletea tanki Mkuyuni? Vitu hivyo niliwaiba kwa macho, maana hawakupenda kufundisha. Ila Kibwana ukimuuliza vizuri alikuwa anajibu.

Tulimwiga hata ambavyo havikuwa ujuzi. Mzee Kibwana alikuwa hapendi kuegesha gari pua ukutani. Akifika sokoni anazunguka mtaa mzima, hata kama njia ni ndefu, ili asimame pua ikitazama anakokwenda. Tukasema hiyo ndiyo kazi safi, ndivyo bingwa anavyoegesha. Basi malori yote ya Morogoro yakawa yanazunguka soko kila asubuhi, vumbi linajaa kwenye nyanya za watu, kina mama wanatutukana, na sisi tumenyoosha shingo kwa maringo. Hilo kosa letu la kumwiga bila kuuliza kwa nini, mtaliona lilikotupeleka.

Sasa niwaambie hiyo adabu mnayoisifia.

Barabara ya Matombo ilikuwa ya gari moja. Mkikutana, mmoja lazima arudi nyuma mpaka kwenye upana wa kupishania. Jeshini tulifundishwa kwamba anayepanda na mzigo anapishwa, kwa sababu kurudi nyuma ukiteremka na mzigo ni kuomba kifo, na anayeteremka akirudi nyuma anapanda, gari liko mkononi mwake. Wakongwe walikuwa na sheria nyingine. Anayerudi ni mgeni. Uwe umebeba mawe, uwe umebeba wagonjwa, unarudi. Hiyo waliita shikamoo ya gari. Ukishajibana pembeni, mkongwe anapita anapiga honi moja fupi, ndiyo marahaba yako. Niliuliza unakuwa mgeni mpaka lini. Nikaambiwa mpaka mkongwe mmoja afe au aache kazi. Hawakuwa na haraka na lolote kati ya hayo mawili.

Mahali tulipokutana mara nyingi ni mlima wa Kiroka, kwenye kona moja yenye mwamba upande huu na korongo upande ule. Tuliita Kona ya Shikamoo. Ukipanda kutoka Kiroka kuja mjini, korongo liko kuliani kwako. Juu ya kona, hatua kama sitini, pana upana mzuri wa kupishania. Chini yake, upana uko mbali, lazima urudi kona mbili.

Gervasi alikuwa dereva wa filimbi kama mimi, kijana wa Mkuyuni, anayeimba njia nzima. Alikuwa akipanda na mikungu ya ndizi siku ya mvua. Mzee Kibwana akatokea juu. Gervasi akatoa shikamoo. Akarudi kona ya kwanza, akarudi nusu ya kona ya pili, na hapo ukingo wa barabara ukameguka. Hakukosea usukani, nilikwenda kutazama alama za tairi kwa macho yangu. Ardhi ilimtoka chini. Mtu aliyetoka Burma bila kovu akafia Kiroka kwa ajili ya adabu. Mzee Kibwana mwenyewe ndiye aliyeteremka korongoni kumbeba mgongoni, na kaki yake siku hiyo haikuwa safi. Msibani wakongwe walisema kijana alikuwa hajui kurudi nyuma. Nilisimama nikatoka pale matangani, la sivyo ningempiga mtu mzima.

Nikaapa kwamba mimi kona ile sirudi. Sikumwambia mtu. Utingo wangu tu ndiye aliyejua, mtu mzima mwenye watoto wanne, naye akasema: "Ukiapa hivyo bora uniambie mapema siku yenyewe, nivae viatu."

Siku yenyewe ilikuja mwisho wa masika, saa tatu asubuhi. Nimetoka Matombo na ndizi, machungwa na magunia ya pilipili manga, juu yake watu kumi na mmoja wanaokwenda sokoni. Kati yao alikuwepo Mama Pelagia, mwenye biashara ya machungwa, ambaye mdomo wake ulikuwa unajulikana kuanzia misheni mpaka stesheni. Nikaingia Kona ya Shikamoo na gia ya kwanza, injini inalia. Mbele yangu pua ya lori ikatokea. Mzee Kibwana, na mzigo mdogo wa chumvi na mafuta ya taa.

Tukasimama tumetazamana, katikati yetu hatua kumi. Akapiga honi. Nikamwambia utingo aweke kabari nyuma ya tairi, nikazima injini, nikakunja mikono. Akapiga honi tena, ndefu. Sikugusa kitu. Mikono niliikunja hivyo hivyo.

Akashuka, akaja taratibu, akasimama mlangoni kwangu.

"Burma. Hukuniona?"

"Nimekuona, Mzee. Shikamoo."

"Shikamoo ya mdomo haipishi gari."

"Na ya gari imeua mtu hapa hapa, Mzee. Mimi nimebeba. Wewe nyuma yako hatua sitini, unapanda, njia kavu. Mimi nyuma yangu ndiko alikoangukia Gervasi."

Nilipotaja jina hilo uso wake ukabadilika. Nilidhani ni hasira.

"Miaka minne tu barabarani," akasema, "unataka kunipangia njia."

"Hata ningekuwa na siku nne. Sirudi."

Juu ya mzigo Mama Pelagia akatoa kichwa.

"Remigi mwanangu, ukirudisha hili gari nyuma sisi tunashuka, na hizi ndizi utazibeba kichwani mpaka sokoni! Na wewe baba, barabara yote nyuma yako ni tupu, una nini? Serikali yenyewe inatulazimisha kulima matuta milimani, tumekataa. Sasa turudi korongoni na machungwa, kwa ajili ya honi?"

Mzee Kibwana akarudi kwenye gari lake, akapanda, akafunga mlango. Saa nne ikapita, na saa tano. Watu wakashuka, wakakaa kwenye mwamba wakila machungwa ya Mama Pelagia, naye akawa anawatazama kila wanapomenya. Jua likakausha matope usoni mwangu. Mtu mmoja akaniambia kwa upole kwamba yule ni mzee, nimwonee haya. Nikamwambia kwamba Gervasi naye alikuwa na mama mzee.

Mwishowe nikaona nijaribu tena kwa maneno mazuri. Nikatembea mpaka kwenye lori lake. Njia ya kupita ilikuwa upande wa korongo tu, yaani upande wake wa kushoto, nikajibana pale nikishika bodi, nikafika dirisha la utingo na kuingiza kichwa. Alikuwa amekaa ametazama mbele, mikono juu ya usukani. Nilikuwa karibu naye, urefu wa mkono. Nikamwinamia. Hakugeuka. Nikainua kiganja nikakipunga pale pale, mbele ya shavu lake. Hakupepesa.

Jicho la kushoto lilikuwa na weupe katikati. Lilikuwa halioni kitu.

Wanangu, nilisimama pale nimeshika bodi la gari na yote yakanijia kwa pamoja. Kuzunguka soko zima ili asirudi nyuma. Kugeuza kichwa chote akikutazama. Na sheria ya shikamoo, aliyoisimamia kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye mkubwa wa wote na hakuna wa kumwambia rudi. Akirudi nyuma kona ile korongo liko kushoto kwake, upande wa jicho lisiloona. Hakuwa hataki. Alikuwa hawezi. Nilimwonea huruma, halafu nikamkumbuka Gervasi, na hasira ikanijaa mpaka masikio yakapiga kelele.

"Mzee," nikasema.

Akashtuka, akageuka, akajua nimeona. Tukatazamana kwa lile jicho lake moja.

"Shuka," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Nitalirudisha mimi."

"Usukani wangu haujashikwa na dereva wa filimbi."

"Basi tutalala hapa, na mimi sichoki upesi."

Kisha akafungua mlango wake, akashuka, na akasema kwa sauti watu wote wasikie kwamba anakwenda kujisaidia. Akaenda nyuma ya mwamba. Gari alilitia moto kabla ya kushuka, akaliacha linaunguruma, mlango wazi. Nikapanda. Nikalirudisha hatua sitini, nikaliweka pembeni, nikafunga breki, nikateremka kwa miguu kuchukua langu. Nilipompita alikuwa amesimama karibu na tairi lake anafuta mikono kwa tambara. Honi hakupiga yeye, wala mimi.

Habari zilifika mjini kabla yangu, sijui kwa miguu ya nani. Jumamosi jioni wakongwe wakaniita kwenye baraza la gereji. Walikaa wanne kwenye benchi, Mzee Kibwana katikati, na tajiri wetu, mwenye malori, amesimama mlangoni. Msemaji alikuwa Mzee Mbaraka, mkongwe wa pili. Makosa yangu yalikuwa mawili. Nimekataa shikamoo ya gari. Na nimenyakua usukani wa mkubwa wangu alipokwenda haja, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu magari yafike Morogoro.

"Utapiga magoti," akasema Mzee Mbaraka, "utaweka ufunguo wako mapajani mwa Mzee Kibwana, utaomba radhi mbele ya wenzako. Ama njia ya Matombo huioni tena. Tajiri amekubali."

Tajiri akatazama viatu vyake.

Nyinyi hamjui njia ile ilikuwa nini kwangu. Ilikuwa inapita nyumbani kwetu. Mama yangu alijua mlio wa gari langu, akiusikia anatoka na maji ya kunywa. Watu wa kijijini walisema Remigi wetu, na mara ya kwanza maishani mwangu nilijiona nina maana. Hicho ndicho walichokuwa wanaking'oa.

Nikamtazama Mzee Kibwana. Neno moja lingeniokoa. Ningesema tu, mfumbeni jicho la kulia mzee wenu, mumwulize mimi nimesimama wapi. Yeye alitazama sakafu. Alikuwa ananiacha nife peke yangu. Kwa nini sikusema, mpaka leo sina jibu moja. Labda yale mabua ya mahindi. Labda nilitaka aseme yeye, kwa kinywa chake, kama mwanaume. Kumdhalilisha mtu mzima mbele ya watu sikutaka, na kupiga magoti kwa kosa ambalo silo sikutaka vilevile.

"Sijakosa," nikasema. "Kwa hiyo siombi."

Nikaweka ufunguo juu ya meza. Siyo mapajani mwa mtu.

Nikapata kazi shamba moja la mkonge, Kingolwira. Barabara zote tambarare, zimenyooka, mkonge kushoto, mkonge kulia. Unaweza kuendesha umesinzia na usimgonge mtu, kwa sababu hakuna mtu. Nilichukia kila siku. Mama Pelagia akipita stesheni ya pale na machungwa yake alikuwa ananitafuta kunipa habari. Vijana wote wa filimbi wamegoma, akasema. Wakikutana na mkongwe wanazima injini na kukunja mikono kama ulivyofanya. Magari yanakaa kutwa nzima yametazamana, machungwa yanaoza. "Mimi sasa natembea kwa miguu," akasema, "lakini natembea nacheka." Nilifurahi, sitasema uongo. Nilipiga usukani kwa furaha.

Mwezi wangu wa tatu huko, mchana wa mapumziko, nimekaa kwenye kivuli cha gari nakula muhogo, nikaona mtu mrefu anakuja kutoka stesheni. Kaki imenyooshwa. Mzee Kibwana amepanda treni, yeye aliyekuwa hapandi chombo asichokiendesha. Nikasimama. Nikamwamkia, kwa mdomo. Akaitikia, akakaa juu ya fungu la mkonge.

"Ulijua, na hukusema," akaanza.

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Nikaendelea kula, maana mapumziko yalikuwa mafupi na muhogo ulikuwa unapoa.

"Siku ya Gervasi," akasema, "alinipigia kelele. Alitoa kichwa dirishani akasema, Mzee, pisha wewe, mimi nimebeba. Nilimsikia vizuri. Nikirudi, naanguka. Nikisema kwa nini sirudi, wananinyang'anya gari. Nikapiga honi."

Muhogo nikauweka chini. Nilitaka kumpiga na nilitaka kulia, na sikufanya hata moja. Nikamwambia kusamehe siyo kazi yangu, aende Mkuyuni kwa mama yake Gervasi akayaseme yale yale kama alivyoyasema hapa. Akakubali kwa kichwa. Alikwenda wiki ile ile. Waliyozungumza huko sikuuliza, nanyi msiulize.

Kisha akasema kilichomleta, na kilimtoka kwa shida kuliko hayo ya kwanza.

"Nifundishe kurudi nyuma."

"Kwa jicho moja?"

"Kwa hilo lililobaki."

Nikamwekea sharti. Hatapakia watu tena juu ya mzigo, chumvi na mafuta ya taa tu. Hakubishana. Jumapili iliyofuata alileta gari lake, nami nikaleta kioo nilichokinunua kwa kinyozi, kile cha kumwonyesha mteja kisogo. Tukakifunga kwa waya mlango wa kushoto, kikiwa kimeelekea chini na nyuma, ili jicho la kulia lilione tairi la kushoto. Malori yetu hayakuwa na kioo upande huo. Nyinyi mnavyo vikubwa, mnavitumia kutazama nywele. Nikapanga madebe matupu kati ya mistari ya mkonge. Siku ya kwanza aliyaponda saba. La nane alilisukuma mpaka likafika kwa msimamizi. Nikacheka, na baadaye naye akacheka, mara ya kwanza kumwona meno. Nilimwambia: usiangalie unakokwenda, angalia tairi lako na ukingo, basi. Mguu mwepesi. Akasema maneno ya mguu mwepesi ameyasikia mahali. Jumapili ya tano hakugusa debe.

Baadaye nikasikia kwamba alikwenda kwenye baraza la gereji mwenyewe, akakaa kwenye benchi lile lile, akawaeleza kila kitu, jicho, honi na kilio cha Gervasi. Mzee Mbaraka alivua kofia, wakasema. Tajiri akatuma mtu Kingolwira na ufunguo wangu. Nilimwambia yule mtu arudi nao, auweke mezani nilipouacha, nitakuja kuuchukua mwenyewe. Nikaenda nikauchukua, wote wanne wakiwa wamekaa. Hakuna aliyeomba radhi, wala mimi sikuomba.

Wiki ya pili ya kurudi Matombo nilikuwa napanda Kiroka na ndizi. Mama Pelagia yuko juu anawasimulia watu habari zangu na kuziongezea. Nikaingia Kona ya Shikamoo na gia ya kwanza. Pua ya lori ikatokea juu, na kwenye mlango wa kushoto kitu kinang'aa juani. Kioo cha kinyozi.

Sikupiga honi. Nikasimama, utingo akaweka kabari. Lori lile nalo likasimama. Juu ya mzigo wangu hata Mama Pelagia alifunga mdomo. Kisha nikasikia gia ya nyuma ikiingia. Likaanza kurudi, polepole, tairi la kushoto likifuata ukingo hatua kwa hatua, sitini zote, mpaka likajibana kwenye upana. Jasho lilikuwa linanitoka mimi.

Nikapanda. Nilipofika ubavuni kwake, desturi ilisema anayepishwa apige honi moja, marahaba ya gari. Watu walikuwa wanaisubiri. Honi sikuigusa. Nilikanyaga breki, nikazima injini, nikatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, Mzee."

Akageuza kichwa chote, kama kawaida yake, mpaka jicho zima likanipata.

"Marahaba, Remigi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza hakuniita Burma. "Pita. Umebeba."